Klachi ya gari: maswali ninayoulizwa kila siku hapa gereji Mtwara

Nimeamua niyaandike yote sehemu moja maana kila wiki naulizwa yale yale, mara dereva wa Hiace ya Masasi, mara kijana anajifunzia gari ya mjomba wake, mara dada kanunua Hilux ya mtumba anasikia harufu hajui ni ya nini. Mi ni fundi, nipo Mtwara mjini, klachi nilizoshusha sizihesabu tena, na nyingi kati ya hizo hazikufa kwa uzee, zimeuliwa na mguu wa dereva. Mguu unafundishika, ndo maana naandika. Soma swali linalokuhusu, sio lazima uanzie juu.

Fundi shikamoo, klachi ni nini hasa, kwa nini gari isiende tu bila hiyo?

Marahaba. Tuanzie kwenye injini. Injini ya petroli au dizeli ikiwa imesimama haina nguvu yoyote, lazima kwanza iwe inazunguka, na ukiiwasha ukaiacha bila kukanyaga mafuta inazunguka kama mara 700 mpaka 900 kwa dakika. Sasa matairi yenyewe yamesimama tuli. Huku kitu kinazunguka mara 800, huku kitu hakizunguki kabisa, alafu unataka uviunganishe. Ukiviunganisha kwa ghafla ama gari inaruka mbele ama injini inazima, na mara nyingi injini ndo inazima. Klachi inakaa pale katikati ya injini na giaboksi, kazi yake kuviunganisha taratibu wakati wa kuondoka, na kuvitenganisha kidogo pale unapobadili gia.

Fanya hivi ulipo hapo. Weka viganja vyako viwili pamoja, cha kulia ndo injini, cha kushoto ndo giaboksi. Kigusishe cha kulia kidogo tu ukizungushe, kinateleza juu ya mwenzake na cha kushoto hakiendi popote. Bana zaidi, cha kushoto kinaanza kuvutwa. Bana kabisa, vinaenda pamoja kama kitu kimoja. Na pale katikati vilipokuwa vinateleza umesikia nini? Joto. Hilo joto ndo habari yote ya klachi, likumbuke maana nitalirudia sana huko chini.

Ndani yake kuna vitu gani?

Kuna vitu vitano, na ukivijua hivi hata fundi akikutajia spea unajua anaongelea nini. Mwisho wa krenki shafti ya injini kuna gurudumu zito la chuma linaitwa flaiwili, hili linazunguka muda wote injini ikiwa inawaka. Juu yake imefungwa kwa boliti presha pleti, nayo inazunguka pamoja na flaiwili, ina sahani nzito ya chuma na springi kubwa nyuma ya hiyo sahani. Katikati ya flaiwili na presha inabanwa klachi pleti, ile disiki yenye laining pande zote mbili, na hizo laining ndo zinazokwisha kama zinavyokwisha za breki. Klachi pleti haijafungwa na injini hata kidogo, imeivaa shafti ya giaboksi kwa meno, kwaiyo yenyewe ikizunguka shafti inazunguka, ikisimama shafti inasimama. Cha nne ni rilizi beringi, cha tano ni uma (wengine wanaita foku) unaoisukuma hiyo beringi ukikanyaga pedeli.

Springi ya presha kwenye magari mengi madogo ni moja tu, bapa, imekatwakatwa imekuwa kama vidole vinavyoelekea katikati. Beringi ikisukuma ncha za hivyo vidole, upande wa nje unanyanyuka, kama unavyobinua jiwe kwa mtaimbo, presha inaachia na klachi pleti inabaki inaelea haijabanwa na chochote. Ukitoa mguu springi inarudi inabana. Ona hapo, anayebana ni springi, sio mguu wako, mguu kazi yake ni kuachanisha tu. Watu wengi wanalielewa hili kinyume, wanadhani kukanyaga klachi ndo kuishikisha.

Zile springi ndogo ndogo unazoziona katikati ya klachi pleti, kazi yake kupunguza mtikisiko wa injini usifike kwenye giaboksi. Zikilegea au zikikatika utasikia kama kuna kitu kinachezacheza huko ndani.

Hafu klachi ni nini? Mwalimu wangu wa gari anaitaja kila saa.

Ni pale kwenye viganja vinapoteleza huku vinavutana. Pedeli ukiiachia taratibu kuna sehemu unahisi gari inataka kwenda, injini inashusha sauti kidogo, pua ya gari inanyanyuka kama imevuta pumzi. Hapo ndo klachi imeanza kushika. Kwa anayejifunza nashauri utafute uwanja mpana, tambarare, usiguse mafuta kabisa, tia gia namba moja alafu achia pedeli taratibu mno mpaka gari ianze kutambaa yenyewe. Rudia mara ishirini, mara thelathini. Mguu ukishaijua hiyo sehemu hautoisahau, na kila gari ina sehemu yake, nyingine inashika chini, nyingine juu, kwaiyo ukipewa gari ngeni ijaribu kwanza kabla hujaingia barabarani.

Ila hafu klachi ni mlango tu, unapita, haukai hapo. Kila sekunde unayokaa hapo laining inasugua chuma.

Kukaa na mguu juu ya pedeli bila kuikanyaga kuna shida?

Kuna shida kubwa. Mguu una uzito, unaisukuma beringi kidogo, presha inapungua nguvu kidogo, na klachi inateleza bila wewe kujua, alafu beringi nayo inafanya kazi safari nzima wakati ilitengenezwa ifanye kazi kwa muda mfupi mfupi. Nimeshawahi kushusha klachi ya dereva mzuri tu, anaendesha kwa adabu, hakimbizi, ila ana hiyo tabia ya kulaza mguu. Mguu wa kushoto ukimaliza kazi uweke pembeni sakafuni.

Ukisimama sehemu kwa muda, polisi kakusimamisha au unasubiri abiria, weka fri (toa gia, isishike yoyote) uachie pedeli. Usikae na gia namba moja umekanyaga klachi dakika tano unaongea na simu.

Kupanda mlima gari inarudi nyuma, nikiongeza mafuta inanuka. Nafanyaje?

Huku kwetu swali hili linatoka sana kwa wanaoelekea Newala na Tandahimba, kule juu kwenye uwanda wa Makonde, na msimu wa korosho ndo zaidi maana gari zina mzigo. Unachokifanya wewe ni kuishikilia gari kwenye mlima kwa klachi, yaani mguu wa kushoto upo nusu, wa kulia unakanyaga mafuta, gari haiendi mbele hairudi nyuma. Inaonekana kama ufundi lakini hapo klachi inaungua kweli kweli. Gari isimamishwe na handbreki. Vuta handbreki, tia moja, ongeza mafuta kidogo, achia klachi mpaka uhisi gari inataka kwenda, pua inanyanyuka, ndo ushushe handbreki huku unaongeza mafuta na kuachia pedeli yote. Ukizoea ni sekunde mbili tatu tu. Handbreki kama haishiki, itengeneze hiyo kwanza, kuna klachi nyingi zimekufa kwa sababu handbreki ilikuwa mbovu.

Na kuondoka ondoka na namba moja, hata kama gari inaweza na mbili. Hapa nieleze kidogo maana madereva wa Canter na Fuso tunabishana sana. Chukua gari ndogo ya kawaida, injini ikizunguka 800 kwenye namba moja gari inakuwa kwenye kama kilomita 7 kwa saa, kwenye namba mbili kama 12. Klachi inaacha kuteleza pale tu mwendo wa gari unapolingana na injini, kwaiyo ukiondoka na mbili inabidi iteleze mpaka 12 badala ya 7. Unaweza kudhani joto ni karibu mara mbili, hapana, joto linakwenda kwa mwendo kuzidisha mwendo, kwaiyo linafika karibu mara 3. Hapo ni tambarare, mlimani na magunia ya korosho nyuma ni zaidi. Malori makubwa yana gia nyingi na nyingine dereva anaruka namba moja akiwa mtupu, hiyo sawa, ila ukishapakia anzia chini.

Kwa nini mchanga unaua klachi?

Hili linaniuma kwa sababu nimeliona kwa macho yangu nikiwa bado najifunza kazi. Tulikwenda Msimbati na Hilux ya marehemu mjomba wangu, Msimbati watu wanaendesha mpaka ufukweni kabisa pembeni ya maji, pazuri sana, gari ikazama mchanga laini. Aliyekuwa anaendesha akawa anatia moja anaondoka kwa nguvu, anatia rivasi anarudi kwa nguvu, mafuta mengi, klachi nusu, kama robo saa hivi. Ikaanza kunuka, ile harufu kali kama ya karatasi na nywele zinaungua pamoja, alafu moshi ukatoka chini, alafu dereva akakanyaga mafuta injini ikapiga kelele na matairi hayakuzunguka hata kidogo. Laining zilikwisha pale pale siku moja. Gari ilivutwa mpaka Mtwara.

Mchanga unazuia matairi, kwaiyo gari haifiki ule mwendo wa klachi kuacha kuteleza, inabaki inateleza tu. Dawa yake ni kupunguza upepo wa matairi kabla hujaingia, ukiwa na gia ndogo ya fo wili tumia hiyo, na achia klachi yote haraka, kama gari haisogei acha hapo hapo, shuka, chimba kwa koleo, weka matawi au makuti chini ya tairi. Dakika kumi za koleo ni nafuu kuliko kushusha giaboksi. Matairi ukishatoka uyajaze upepo tena kabla hujashika lami.

Kuteremka mlima nikikanyaga klachi au nikiweka fri naokoa mafuta?

Usifanye. Kweli nakuomba. Gia ikiwa imeshika na mguu umetoa kwenye mafuta, injini inaizuia gari, ni breki ya bure isiyopata moto. Ukikanyaga klachi umeikata hiyo, mzigo wote unakuja kwenye breki za matairi, na mteremko ukiwa mrefu kama wa kushuka kutoka Newala breki zinapata moto mpaka zinapoteza kushika. Na hayo mafuta unayodhani unaokoa, gari nyingi ambazo mafuta yanamwagwa na kompyuta ya injini (EFI) zinakata mafuta zenyewe ukiwa kwenye gia hujakanyaga, wakati ukiwa fri inabidi zimwage kidogo injini isizime. Sheria ya wazee wa malori ni kuteremka na gia ile ile ambayo ungepandia, na ni sheria nzuri.

Nitajuaje klachi imekwisha?

Dalili ya kwanza ni kwamba injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko unapanda, lakini mwendo hauongezeki. Inaanzia kwenye gia kubwa, ya nne au ya tano, ukiwa na mzigo au unapanda, maana pale ndo klachi inabanwa na kazi zaidi. Dereva wengi wanadhani injini imechoka. Nyingine pedeli inashikia juu sana tofauti na zamani, na harufu baada ya kilima kidogo tu.

Kujaribu, simama sehemu tambarare pasipo na mtu mbele, vuta handbreki kabisa na mguu wa kulia uwe kwenye breki, injini inawaka, tia gia namba tatu au nne, achia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini. Ikiendelea kunguruma wakati umeshaachia yote, klachi inateleza, imekwisha au imeingiwa na oili. Fanya mara moja tu, ukirudia rudia unaimaliza iliyobaki.

Kabla hujakubali kushusha, kwa gari za kebo, zile ambazo pedeli inavuta waya, angalia kwanza kama kebo haijakazwa mno. Pedeli inatakiwa iwe na ule uhuru kidogo juu kabla ya kuanza kuwa nzito. Kama haina uhuru kabisa ni sawa na mtu kalaza mguu siku zote. Kurekebisha ni nati moja tu.

Gia haziingii, rivasi inakwaruza, lakini gari inakimbia vizuri. Ni klachi?

Ni klachi lakini ni shida ya upande mwingine, hapo haitelezi bali haiachii. Umekanyaga mpaka mwisho lakini klachi pleti bado inaguswa, shafti ya giaboksi bado inazunguka, ndo maana inakwaruza. Rivasi inapiga kelele kwanza kwa sababu kwenye giaboksi nyingi haina sinkro, yaani kile kifaa kinacholinganisha mizunguko kabla gia haijaingia, kama gia za mbele.

Gari za kebo, kebo imerefuka au inakatika uzi mmoja mmoja. Gari za maji, yaani zenye masta silinda juu na silinda ndogo chini kwenye giaboksi, angalia kikopo cha fluidi kimeshuka, angalia kama pedeli ina unyevu kwa juu au silinda ya chini inavuja. Upepo ukiingia kwenye mpira wa fluidi pedeli inakuwa laini, unapiga mara mbili tatu ndo inapanda, hapo inatolewa upepo kama breki.

Fluidi yake ni fluidi ya breki, imeandikwa DOT 3 au DOT 4, soma kwenye mfuniko. Usije ukatia oili ya injini wala haidroliki hata kama upo porini Liwale na hakuna duka, zile raba za ndani zinavimba zote na utabadilisha masta na silinda ya chini kwa siku moja. Na fluidi inanyonya unyevu wa hewa, sisi watu wa pwani tunapaswa kuibadilisha yote kila baada ya miaka miwili hivi, sio kuongezea tu.

Gari ilikaa miezi mingi, sasa imewaka ila klachi haiachii kabisa. Imeharibika?

Hii ipo sana Mikindani, Shangani, Lindi mjini na Kilwa, mtu yupo Dar gari ameiacha kwa wazazi karibu na bahari. Chumvi na unyevu vinaleta kutu kwenye flaiwili na klachi pleti inagandia hapo, kwaiyo unakanyaga klachi lakini ni kama hujakanyaga. Mara nyingi inaachia. Injini ipate moto kwanza, zima, tia gia namba moja au mbili, kanyaga klachi mpaka mwisho, wakati mbele kuna uwanja mrefu mtupu, washa gari, itaondoka ikiruka ruka, endelea kushika klachi chini huku unagusa na kuachia mafuta, ikibanduka utahisi. Usifanye barabarani wala karibu na ukuta. Ikikataa, inashushwa.

Gari ya kuachwa muda mrefu mwambie mtu awe anaiwasha na kukanyaga klachi mara kadhaa kila wiki, inatosha.

Kuna kelele nikikanyaga, nikiachia inanyamaza.

Rilizi beringi. Na kama ni kinyume, yaani inalia ukiwa fri umeachia, ukikanyaga inanyamaza, ni beringi ya shafti ya giaboksi yenyewe, hiyo ni kazi nyingine kabisa kwaiyo mwambie fundi hivyo hivyo asije akakushushia akabadili kisichohusika.

Gari inatetemeka wakati wa kuondoka tu.

Rudi kwenye viganja. Paka kiganja kimoja mafuta ya nazi upande mmoja tu, alafu bana uzungushe, kinashika kinaachia kinashika kinaachia. Oili sili (ile raba inayozuia oili isitoke) ya nyuma ya injini au ya mbele ya giaboksi ikivuja, oili inafika kwenye laining na haitoki hata uoshe na petroli, imeshanyonya. Hapo ukibadili klachi bila kubadili sili unarudi baada ya mwezi. Ila kabla ya yote angalia mauntini za injini, zikikatika raba gari inatetemeka vile vile na bei yake ni ndogo. Sababu ya tatu ni flaiwili iliyoungua ikapata madoa ya bluu na nyufa ndogo ndogo, uso wake hauko sawa tena.

Nibadilishe pleti peke yake au seti nzima? Na kubandika laining upya inafaa?

Gharama kubwa ni kazi ya kushusha giaboksi, sio spea. Ukibadili pleti peke yake ukaacha beringi ya zamani, beringi ikifa baada ya miezi miwili unalipa kazi ile ile mara ya pili. Mi nasema pleti, presha na beringi kwa pamoja, oili sili ikaguliwe pale pale, na flaiwili ikiwa na mikwaruzo ipelekwe kwa mchongaji vyuma aisawazishe. Kama pesa ni ndogo sana basi angalau pleti na beringi, na presha fundi akuoneshe vidole vyake kama vimelika na sahani yake kama imenyooka, uone kwa macho.

Kubandika laining mpya kwa riveti kunafanyika sana kwa malori na kukifanywa vizuri gari inafanya kazi. Angalia riveti zizame ndani ya laining, zikiwa juu zinakwangua flaiwili. Ila pleti yenye springi za katikati zilizolegea au meno yaliyolika haifai kubandikwa, utakuwa umeweka viatu vipya kwenye mguu uliovunjika.

Na hapa vijana wenzangu wa gereji naomba mnisikilize. Vumbi la klachi msilipulize na kompresa. Laining nyingi za zamani zilitengenezwa na asbesto, na kwenye spea zisizojulikana zilikotoka huwezi kuwa na uhakika hazina, na asbesto ikiingia kwenye mapafu inaleta magonjwa yanayojitokeza baada ya miaka mingi sana, kansa ikiwemo. Mwagia maji, futa na kitambaa kibichi, funika pua, nguo za kazi usiende nazo nyumbani kumbeba mtoto. Mafundi waliotufundisha walikuwa wanapuliza tu kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Klachi inatakiwa idumu muda gani?

Inategemea mguu na njia. Kuna gari za mjini hazifiki kilomita 50,000, kuna dereva wa safari ndefu anapita 150,000 na bado ipo, kwa sababu kutoka hapa mpaka Dar anabadili gia chache tu njia nzima. Kwaiyo ukinunua gari usiulize tu kilomita, uliza ilikuwa inafanya kazi gani na wapi.

Bodaboda na bajaji zina klachi hiyo hiyo?

Wazo ni lile lile ila pikipiki nyingi zina pleti nyingi ndogo zimepangwa kama chapati, na zinaogelea kwenye oili ya injini. Kwaiyo oili unayotia inaigusa klachi moja kwa moja. Oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, ukiitia kwenye pikipiki klachi inaanza kuteleza, tafuta iliyoandikwa JASO MA kwenye kopo. Waya wa klachi uache uhuru kidogo kwenye mkono, kama milimita mbili tatu kwenye kishikio.

Gari ya otomati haina klachi?

Haina hiyo ya pedeli. Otomati ya kawaida inatumia chombo cha oili kinachoitwa toki konveta, feni moja inasukuma oili na nyingine inasukumwa nayo, ndo maana gari inatambaa ukiachia breki na haizimi. Ndani ya giaboksi yake kuna klachi ndogo ndogo nyingi zinazobanwa na presha ya oili, na ndo maana oili yake ikichakaa gari inaanza kuchelewa kushika gia.

Kebo ya klachi imekatika njiani, nipo katikati ya Nangurukuru na Mbwemkuru na hakuna gereji. Naweza kufika?

Mara nyingi unaweza, kama giaboksi ni nzima na huna haraka. Zima gari, tia namba moja, hakikisha mbele hakuna mtu, washa. Stata yenyewe itaisukuma gari na injini itawaka huku inaondoka. Gari nyingine mpya hazikubali kuwaka mpaka ukanyage pedeli ya klachi, ikanyage tu hata kama kebo imekatika maana swichi ipo kwenye pedeli.

Kupandisha gia, ongeza mwendo kidogo, toa mguu kwenye mafuta, pale pale mzigo unapoisha kwenye meno vuta gia itoke kwenda fri, itatoka laini. Subiri sekunde moja au mbili mizunguko ishuke, alafu sukuma gia inayofuata kwa vidole viwili, usilazimishe, mwendo ukilingana itaingia yenyewe kama imevutwa. Kushusha ni kinyume, unatoa kwenda fri, unagusa mafuta mizunguko ipande, unasukuma gia ndogo. Madereva wa malori ya zamani yasiyo na sinkro walikuwa wanafanya karibu hivi hivi kila siku, wao wakikanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, mara ya kutoa na mara ya kuingiza.

Kusimama ndo pagumu. Toa gia kwenda fri kabla hujafika, alafu breki. Ukisimama mlimani kuondoka tena na stata ni kazi, kwaiyo chagua sehemu tambarare, kaa mbali na gari ya mbele, washa taa za hazadi, na usiku usijaribu, lala hapo hapo pembeni mpaka kukuche. Namba tatu inatosha safari yote, huna haja ya kutafuta ya tano. Ukifika Lindi tafuta kebo, mwambie fundi akupimie uhuru wa pedeli kabla hujaondoka.